SOMO LA AFYA: Sukari ikikataa kushuka, kagua kwanza kabla ya kuongeza insulini

Somo hili ni kwa wanaojidunga insulini nyumbani, na kwa mama, baba au jirani anayewasaidia. Tukipita kwenye nyumba tunaambiwa mara nyingi: "Dawa imekwisha nguvu, tumeongeza kidogo." Pengine ni kweli. Lakini usiongeze hata yuniti moja kabla ya kukagua bomba la sindano, mahali unapodunga na chupa.

Anza na bomba, maana kosa lake linaweza kuua siku hiyohiyo. Chupa ikiandikwa yuniti 100 kwa mililita, na bomba lazima liandikwe 100. Kisha soma namba, usihesabu mistari. Kwenye bomba la nusu mililita kila mstari ni yuniti 1. Kwenye lile la mililita nzima, kwa kawaida kila mstari ni yuniti 2. Mama mmoja katika kijiji ninachohudumia alizoea kumvutia mwanawe "mistari kumi". Mabomba madogo yalipokwisha akapewa makubwa. Hakuna aliyemweleza, na mimi nilipomtembelea sikumuuliza. Akavuta mistari kumi ileile, mtoto akapata yuniti 20 badala ya 10. Tulimkuta anatetemeka, jasho linamtoka, hajui yuko wapi. Alipona kwa sababu jirani alikuwa na sukari na mtoto bado aliweza kumeza. Tangu siku ile, kila nyumba naomba mwenyewe avute dawa mbele yangu nione.

Sasa mahali unapodunga. Pitisha vidole tumboni na mapajani. Ukikuta uvimbe laini au sehemu iliyokuwa ngumu, hapo pamedungwa mara nyingi mno. Watoto hupapenda kwa sababu hapaumi. Lakini insulini ikiingia hapo haiendi mwilini sawasawa: leo inachelewa, kesho inakuja kwa wingi. Hama hapo, na kila siku sogea upana wa vidole viwili kutoka ulipodunga jana. Ila mwone muuguzi kabla ya kuhama, kwa sababu kwenye ngozi nzima dozi ileile inaweza kushusha sukari kupita kiasi.

Chupa nayo uiangalie kwenye mwanga. Insulini ya kung'aa iwe kama maji safi. Ile ya maziwa uiviringishe polepole kati ya viganja kama mara 20, bila kuitikisa. Ikibaki na mabonge au ikiganda kwenye kioo, usiitumie. Andika juu ya chupa tarehe uliyoifungua, na ikifika wiki 4 irudishe zahanati hata kama imebaki.

Kuhusu joto, wengi wana hofu, na wengine wamekataa insulini kwa sababu hawana friji. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza matokeo ya uchunguzi uliotumia vipimo vya joto vya nyumba za kambi ya Dagahaley, kule Dadaab, Kenya. Insulini iliyokaa wiki 4 kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake. Kwa hiyo mtungi wa udongo ndani ya mwingine, mchanga uliolowa katikati na kitambaa kibichi juu, unafaa. Uweke kivulini penye upepo, na chupa iwe ndani ya kopo kavu. Usiiweke karibu na jiko wala juu chini ya mabati, na isigandishwe na barafu.

Walio na ndugu Marekani wameniuliza habari za pampu ndogo isiyo na mrija, inayobandikwa kwenye ngozi na kubadilishwa kila baada ya siku 3 hivi. Ipo kweli, iliruhusiwa kule mwaka 2005. Lakini nayo ikibandukia, au ikiwekwa penye uvimbe, au insulini yake ikiharibiwa na jua, sukari hupanda ndani ya saa chache. Wanaoitumia hushauriwa kutembea na bomba la akiba.

Ukikagua vyote na sukari bado iko juu, huenda kuna malaria, kidonda au homa. Ugonjwa hupandisha sukari hata usipokula. Na posho ikichelewa, usiache insulini kabisa ati kwa kuwa hakuna chakula. Hapo ndipo tunapoteza watu, hasa vijana. Njoo zahanati siku hiyohiyo upunguziwe dozi.

Mtu akitapika, tumbo likiuma, akivuta pumzi nzito za haraka na kinywa kikinuka kama matunda yaliyooza, mpelekeni usiku huohuo. Akitetemeka na kutoka jasho, mpeni vijiko vya chai 3 vya sukari kwenye maji, ngojeni dakika 15, mrudie kama hajapata nafuu, kisha ale. Akiwa amezimia msimwagie kitu kinywani. Mlazeni ubavu mkimbilie zahanati. Chukueni chupa, bomba na daftari lake.