Nguvu ya Wenye Amana Katika Benki

Watu wengi hudhani ya kuwa mtu akiisha kuweka fedha zake benki, kazi yake imekwisha, na yaliyosalia ni mambo ya wakubwa wa benki. Sivyo. Sehemu kubwa ya fedha ambazo benki hufanyia kazi si mali yake, bali ni amana za watu. Kwa hiyo mwendo wa wenye amana huweza kugeuza mwendo wa benki yenyewe.

Kwanza tutazame kazi ya benki. Fedha zinazowekwa hazikai zote sandukuni. Sehemu ndogo huwekwa tayari kwa ajili ya wanaokuja kuchukua, na sehemu kubwa hukopeshwa wafanya biashara, wakulima na Serikali, nao hulipa riba. Katika riba hiyo benki humpa mwenye amana faida yake. Mikopo ikitolewa kwa uangalifu, wote hupata. Ikitolewa kwa upendeleo, mali ya watu imo hatarini.

Basi mwenye amana ana nguvu gani? Anazo mbili: aweza kuondoa fedha zake, au aweza kudai faida kubwa zaidi ndipo akubali kuziacha. Wataalamu waliochunguza habari za Argentina, Chile na Mexico za miaka ya 1980 na 1990, wakatangaza kazi yao mwaka 2001, waliona ya kuwa benki dhaifu zilipungukiwa amana na kulazimika kulipa riba kubwa zaidi. Hiyo ni adhabu, nayo huwaonya wakubwa wa benki.

Lakini nguvu hii ni kama moto: hupika, tena huunguza. Tarehe 13 Oktoba 2015 Benki Kuu ya Kenya iliiweka Imperial Bank chini ya msimamizi, kwa sababu ya udanganyifu uliokuwa umefichwa. Wenye amana hawakuweza kuadhibu wasiloliona. Baadaye hofu ikaingia, na wengi wakahamisha fedha kutoka benki ndogo kwenda kubwa. Aprili 2016 Chase Bank ilitoa hesabu zake mara ya pili, nazo zikaonyesha mikopo mingi zaidi kwa watu wa ndani ya benki kuliko zile za kwanza. Habari zikaenea upesi kwa simu, watu wakakimbilia kutoa fedha, na tarehe 7 benki ikafungwa. Ilifunguliwa tena tarehe 27 chini ya uangalizi wa benki ya KCB.

Katika mbio za namna hiyo, mwenye kukaa mbali na mji ndiye afikaye wa mwisho, akakuta mlango umefungwa. Ndiyo maana Serikali huweka bima ya amana. Nchini Kenya bima hiyo ilikuwa Sh. 100,000 kwa kila mwenye amana katika kila benki, na tangu Julai 2020 ni Sh. 500,000. Basi chama cha wakulima chenye Sh. 2,000,000 katika benki moja kina Sh. 1,500,000 zisizo na kinga. Yafaa viongozi wake walifikiri jambo hilo kabla ya siku ya taabu.

Tena, benki za Kenya hutangaza hesabu zao kila miezi mitatu. Mwalimu au karani wa kijiji aweza kuwasomea wenzake mambo matatu: mtaji wa benki ni kiasi gani, mikopo isiyolipwa kwa wakati inaongezeka au inapungua, na wakurugenzi wenyewe wamekopa kiasi gani. Yakionekana mabaya, mwanachama na aulize kwa adabu, na asipojibiwa vema ahamishe fedha zake taratibu.

Anayekimbia kwa uvumi huangusha hata benki njema. Anayeondoka kwa hesabu huifundisha iliyopotoka. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.