Somo la Mwezi: Ile Barabara Kubwa Mbele ya Nyumba Zetu

Tangu ufike Marekani, ni barabara ipi inayokutia hofu? Darasani jibu huwa karibu lilelile: ile iliyo kati ya nyumba zetu na duka la chakula. Ina njia tano za magari, kivuko kiko mbali, na kituo cha basi kiko ng'ambo. Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, nimevuka mito na watoto mgongoni, lakini barabara hii imenishinda. Labda mimi ni mshamba." Nilimwambia hapana, mama, tufanye hesabu kwanza.

Njia moja ya gari kwenye barabara kama hiyo mara nyingi ina upana wa futi 12. Njia tano ni futi 60, yaani mita 18 hivi. Wahandisi wa Marekani hupanga muda wa taa kwa kumfikiria mtu anayekwenda futi 3.5 kwa sekunde. Basi unapewa kama sekunde 17. Kijana atavuka na kubakiza muda. Bibi mwenye mkongojo, au wewe mwenye mtoto mmoja mgongoni, mwingine mkononi na mifuko ya unga, sekunde hizo hazikutoshi. Barabara ilipangwa ili magari yapite kwa haraka, na mtembea kwa miguu akawekewa kilichobaki.

Haraka hiyo ndiyo inayoua. Taasisi ya AAA Foundation ilitoa utafiti mwaka 2011 kuhusu watu waliogongwa na magari. Gari likiwa na kasi ya maili 23 kwa saa (kilomita 37), kama mtu mmoja kati ya kumi hufa. Kwa maili 32, mmoja kati ya wanne. Kwa maili 42 (kilomita 68), nusu yao. Kibao kinaweza kusema 35, lakini barabara pana na iliyonyooka humwita dereva akanyage mafuta. Kule tulikotoka hapakuhitajika kibao: hakuna dereva anayebishana na tuta. Huku kwenye barabara kubwa huwekwi matuta, kwa hiyo kasi hupunguzwa kwa njia nyingine. Tutafika huko. Kwanza tuvuke salama leo jioni.

Tafuta kitufe kwenye nguzo ya taa ukibonyeze. Kwenye makutano mengi, usipobonyeza, alama ya mtu mweupe anayetembea haitokei kabisa, hata ungoje taa zibadilike mara tatu. Mtu mweupe maana yake anza kuvuka. Mkono wa rangi ya chungwa unaowaka na kuzima, mara nyingi pamoja na namba zinazopungua, maana yake usianze. Lakini kama tayari uko katikati, endelea, usirudi nyuma. Mkono uliotulia maana yake baki hapo.

Mtu mweupe akitokea, bado tazama. Karibu kote nchini, dereva anayepinda kulia anaruhusiwa kupita kwenye taa nyekundu baada ya kusimama, isipokuwa pana kibao cha "NO TURN ON RED". Jiji la New York ni tofauti: huko haruhusiwi mpaka kibao kimruhusu. Dereva huyo macho yake yako kushoto, anatafuta nafasi kati ya magari, na wewe uko kulia kwake. Usishuke mpaka mmetazamana machoni.

Waliokaa miaka mingi Tanzania, Kenya au Uganda wamezoea kutazama kulia kwanza, kwa sababu kule magari hupita kushoto. Hapa ni kama Kongo, Burundi na Rwanda: gari la kwanza kukufikia linatoka kushoto kwako. Mimi mwenyewe ilinichukua muda mrefu shingo kukubali.

Kuna hatari moja nataka uisome mara mbili. Pasipo taa, dereva mwema atasimama na kukupungia mkono uvuke. Mshukuru, lakini usikimbie. Gari lake linakuficha usionekane na dereva wa njia ya pili, ambaye hajui kwa nini mwenzake amesimama. Nenda mpaka mwisho wa gari lililosimama, chungulia, hakikisha na njia ya pili imesimama, ndipo uendelee. Nawe ukiwa dereva, ukiona gari limesimama mbele ya kivuko, usilipite kamwe.

Watoto huchanganya mabasi mawili. Basi la shule la njano likiwasha taa nyekundu na kutoa kibao chake cha kusimama, magari lazima yasimame. Mtoto anayevuka hupita mbele ya basi hilo, akiwa mbali nalo kama futi 10 ili dereva amwone, na huvuka dereva akimpa ishara. Daftari likianguka karibu na basi, asiliokote. Amwambie dereva kwanza. Basi la jiji halina kibao hicho. Ukishuka, liache liondoke, kisha nenda kwenye taa, hata kama ni mbali na mvua inanyesha.

Kwa wenye baiskeli, hasa mnaotoka kazini usiku: fuateni upande wa magari, wala msiende kinyume nayo. Wengi hudhani ni salama zaidi kuyaona yakija, lakini dereva anayetoka njia ya pembeni hategemei mtu kutoka upande huo. Taa nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Karibu robo tatu ya watembea kwa miguu wanaouawa na magari nchini hapa hufa gizani, na jumla yao ilizidi 7,000 kwa mwaka 2021, 2022 na 2023.

Sasa kuhusu barabara yenyewe. Inaweza kubadilishwa, na miji mingi inafanya hivyo. Kisiwa cha saruji katikati hukuwezesha kuvuka nusu, kupumzika, kisha kumalizia. Barabara ya njia nne hupakwa rangi upya iwe na njia tatu, ile ya kati ikiwa ya wanaopinda kushoto, na nafasi inayobaki ikapewa baiskeli. Idara ya barabara kuu ya taifa inasema mabadiliko hayo hupunguza ajali kwa asilimia 19 hadi 47. Taa inaweza kumpa mtembea kwa miguu sekunde 3 hadi 7 kabla ya magari kuruhusiwa. Na kuna hatua ndogo isiyo na gharama kubwa: kuzuia magari kuegeshwa karibu kabisa na kona, ili dereva na mtoto waonane. Mji wa Hoboken, New Jersey, ulifanya hivyo kona baada ya kona, pamoja na hatua nyingine, na kuanzia 2017 ulikaa zaidi ya miaka saba bila mtu kufa kwa ajali barabarani.

Kuomba si lazima uwe raia. Miji mingi ina namba 311 kwa mambo kama haya; sema "Swahili" wakutafutie mkalimani. Ukisema tu "barabara ni mbaya" hutasaidiwa sana. Taja makutano yenyewe, saa, na kinachotokea: sekunde ni ngapi, nani hakuwahi kumaliza. Barabara kubwa mara nyingi ni mali ya jimbo, hivyo mji unaweza kukujibu kwamba si yao. Usikate tamaa hapo. Uliza ni ya nani na upewe namba. Kama tatizo ni kituo cha basi la shule, piga simu kwa ofisi ya usafiri ya shule. Kuhamisha kituo kuja upande wenu kunaweza kuchukua wiki chache, wakati kisiwa cha saruji huchukua miaka.

Zoezi: wiki hii simama kwenye kivuko chako na mtoto wako mkubwa. Bonyeza kitufe, hesabuni sekunde tangu mtu mweupe atokee mpaka mkono utulie. Rudieni mara tatu, asubuhi na jioni. Andikeni namba hizo pamoja na majina ya barabara mbili zinazokutana, mje nazo darasani. Tutaandika barua pamoja.