Kutokwa na Damu Baada ya Upasuaji wa Tezi Dume kwa Leza

Leza ni mwale mkali wa mwanga ambao daktari huupitisha ndani ya njia ya mkojo ili kuondoa nyama ya tezi dume iliyokua na kuibana njia hiyo. Kwa kuwa joto lake hukata nyama na papo hapo kuziba mishipa midogo, mgonjwa hupoteza damu kidogo kuliko anayepasuliwa tumbo. Hata hivyo, hatari inayosahauliwa zaidi humfika akiwa ameshatoka hospitalini. Kidonda cha ndani hufunikwa na gaga, ambalo mara nyingi hubanduka wiki ya pili au ya tatu, na mkojo uliokuwa umetakata huweza kuwa mwekundu tena. Wekundu hafifu hutulia kwa mapumziko na maji mengi, isipokuwa kwamba mwenye ugonjwa wa moyo au figo hunywa kiasi alichopangiwa.

Kwa mkazi wa Nyanza-Lac au Rumonge, miji ya mwambao wa ziwa nchini Burundi, wiki hizo ndizo anazojihisi mzima na kurudia kuvuta nyavu za ndagala, kubeba bidoni la lita 20 la mawese au kupanda pikipiki, na hapo ndipo wengi hujiponza, kwa sababu kukaza misuli, hata chooni, huweza kutonesha kidonda. Kazi nzito hungoja ruhusa ya daktari, kwa kawaida baada ya wiki 4 hadi 6. Anayetumia aspirini au dawa nyingine inayozuia damu kuganda humweleza daktari kabla ya upasuaji, wala haiachi kwa uamuzi wake, maana kuiacha ovyo huweza kuleta kiharusi.

Wala damu hiyo isisingiziwe kichocho, kwani kichocho cha mwambao huu wa Burundi ni kile cha matumbo, si cha kibofu.

Damu nzito yenye mabonge ni jambo la dharura, na zaidi mkojo unapokoma na tumbo kuuma chini ya kitovu, kwa kuwa mabonge yameziba njia na kibofu huhitaji kuoshwa kwa mpira wa mkojo. Bujumbura iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Nyanza-Lac; kwa hiyo mgonjwa awahishwe kwanza katika hospitali iliyo karibu, akiwa na karatasi inayoonyesha tarehe ya upasuaji na dawa anazotumia.