Somo la Daftari: Nafasi Tupu si Sifuri

Makarani wa matawi huuliza mara kwa mara: nafasi isiyo na jibu katika daftari la kompyuta ijazwe nini? Mmoja hutia sifuri, wa pili kistari, na wa tatu huandika tarehe ya leo ili mashine isigombe. Tulijibu kwa mfano wa mfuko mmoja wa barua, uliopita njia ya zamani ya misafara kutoka Unguja na Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji.

Mfuko huo ulitiwa tarehe 1 Novemba 1870, uende kwa Dk. Livingstone, Ujiji. Njia ilikuwa ya miguu na mizigo ilichukuliwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, watu ambao ndugu zao baadaye walivuka bahari kuja kufanya kazi katika mashamba ya mikarafuu huku kwetu. Mfuko ulikwama njiani. Mwaka 1871 Stanley aliukuta Kwihara, karibu na Tabora, akaondoka nao, na ukamfikia mwenyewe Ujiji.

Sasa jifanye wewe ndiwe karani wa Unguja siku ile, na kompyuta unayo. Daftari lako lina safu tatu: namba ya mfuko, tarehe ya kutoka, tarehe ya kufika. Tarehe ya kufika utaandika nini? Mfuko haujafika, wala hujui kama utafika. Jibu la haki ni kuiacha tupu, na utupu huo katika lugha ya mashine huitwa NULL. Si sifuri, si neno, si kistari. Maana yake ni kwamba hapa hapana thamani iliyoandikwa, basi.

Safu ya tarehe ya kutoka ni habari nyingine. Mifuko yote huandikishwa siku inapotoka, kwa hiyo yafaa kuiambia mashine mapema: karani asipotaja kitu, weka tarehe ya leo. Hilo ndilo chaguo-msingi, nalo huwekwa kwa neno DEFAULT siku daftari linapotengenezwa. Baadaye karani huandika hivi tu:

INSERT INTO mifuko (namba) VALUES (1);

Safu ya kutoka, kwa kuwa haikutajwa, itajazwa tarehe ya leo. Safu ya kufika, ambayo haina chaguo-msingi, itabaki NULL. Lakini angalia sana: ukiitaja safu ya kutoka na kuiandikia NULL kwa mkono wako, mashine kwa kawaida haitakupa tarehe ya leo. Itaona kwamba umeamua mwenyewe iwe tupu. Kunyamaza na kusema “hapana kitu” ni mambo mawili mbalimbali, na hapa ndipo wengi hujikwaa.

Na lau fundi angaliiwekea safu ya kufika chaguo-msingi la tarehe ya leo, je? Daftari lingalisema mfuko umefika Ujiji tarehe 1 Novemba 1870, siku ile ile ulipotoka Unguja! Mwendo wa karibu mwaka mzima ungalipotea, na hakuna mtu ambaye angaliuliza mfuko uko wapi.

Ziko pia nafasi tupu za namna nyingine. Livingstone alipougua sana mwanzoni mwa mwaka 1869, aliandika kwamba amepoteza hesabu ya siku. Kwa hiyo siku aliyokutana na Stanley, daftari lake huiweka mwishoni mwa Oktoba 1871, na kitabu cha Stanley huiweka tarehe 10 Novemba. Kwa hesabu ya kwanza mfuko haukutimiza mwaka. Kwa ya pili ulipita mwaka. Jambo lilitukia, ila tarehe yake haina hakika. Tena kuna nafasi isiyomhusu mtu kabisa, kama namba ya simu ya mwanachama asiye na simu. E. F. Codd, ambaye mwaka 1970 alitoa nadharia ya madaftari haya, katika kitabu chake cha mwaka 1990 alitaka ziwepo alama mbili: moja ya thamani iliyopo ila haijulikani, na nyingine ya ile isiyohusika. Mashine tunazotumia zimebaki na NULL moja tu, na kwa maoni yangu tumepata hasara.

Turudi kwenye karafuu. Magunia matatu yamepokewa. Moja kilo 40, moja kilo 50, na la tatu halijapimwa. Ukiliacha tupu, mashine ikitafuta wastani italiruka, na jibu ni kilo 45. Ukitia sifuri, jibu litashuka kuwa kilo 30, na mkulima ataambiwa magunia yake ni mepesi. Hiyo ni fedha ya mtu.

Kwa safu zisizoweza kukosa jibu, kama namba ya mwanachama, mwambie fundi aweke NOT NULL bila chaguo-msingi, ili mashine ikatae mstari usiokamilika. Ziko MySQL za zamani ambazo, zisipowekwa katika hali kali, hujaza sifuri au neno tupu kimya kimya badala ya kukataa. Tangu toleo la 5.7 hali kali ndiyo ya kawaida. Oracle nayo huhesabu neno tupu kuwa ni NULL.

La mwisho ni kutafuta. Usiulize mifuko ambayo tarehe_kufika = NULL, kwani hutapata hata mmoja: kisichojulikana hakiwezi kusemwa kuwa ni sawa na kingine kisichojulikana. Uliza tarehe_kufika IS NULL, na mifuko yote iliyo bado njiani itajitokeza, hata ule uliolala Kwihara.