SOMO LA AFYA: FIGO, MASHINE YA KUSAFISHA DAMU NA WAJIBU WA CHAMA



Somo hili lisomwe katika mkutano wa chama cha msingi, kisha lijadiliwe. Shabaha yake ni moja: kila mwanachama aelewe kwamba ugonjwa wa figo ukitambuliwa mapema hugharimu kidogo, na ukichelewa huweza kumeza shamba zima la kakao.

1. Kazi ya figo

Binadamu ana figo mbili, kila moja yapata ukubwa wa ngumi, nazo zimekaa upande wa mgongoni chini ya mbavu. Kwa siku moja huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji kutoka katika damu. Karibu yote hurudishwa mwilini; lita moja au mbili tu hutoka kuwa mkojo, pamoja na taka za mwili. Ni kama kazi ya ungo: pumba huondoka, mchele hubaki.

2. Jinsi figo zinavyoshindwa

Kwanza, huweza kushindwa ghafla, kwa sababu ya kuharisha sana, kipindupindu, malaria kali au kupoteza damu nyingi wakati wa kujifungua. Mgonjwa akiwahishwa hospitali, figo mara nyingi hupona.

Pili, huharibika polepole kwa miaka mingi. Visababishi vikubwa ni shinikizo la damu na kisukari. Sisi watu wa ziwa, mito na majaruba tusisahau pia kichocho, ambacho kisipotibiwa huweza kuziba njia ya mkojo. Tena, wako wanaomeza diklofenaki kila jioni kwa maumivu ya mgongo ya palizi. Mazoea hayo huumiza figo. Uharibifu wa namna hii ukishakomaa haurudi nyuma. Nao mwanzoni hauna maumivu: kuvimba miguu na uso, kichefuchefu na pumzi kubana huja baadaye.

3. Matibabu

Mashine ya kusafisha damu ilitumiwa kwa mgonjwa mwaka 1943 na daktari Willem Kolff wa Uholanzi. Damu hutolewa mshipani, hupitishwa katika chujio, kisha hurudishwa. Mashine haiponyi figo. Hufanya sehemu ya kazi yake. Kwa kawaida mgonjwa huhitaji kusafishwa mara 3 kwa juma, kila mara kiasi cha saa 4.

Tupige hesabu: mara 3 kwa majuma 52 ni mara 156 kwa mwaka. Huduma hii hutolewa katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, zaidi ya kilometa 100 kutoka Kyela kwa njia ya Tukuyu. Mgonjwa wa Ipinda au Matema atasafiri hivyo mwaka mzima, au atahamia mjini na kuliacha shamba.

Njia nyingine ni kupandikizwa figo ya mtu mwingine. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kazi hiyo mwaka 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Hata hivyo lazima apatikane mtoaji anayefaa, na mgonjwa ameze dawa kila siku.

4. Bima

Asiye na bima hulipa kila mara anaposafishwa damu. Mwaka 2018 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulianzisha mpango wa Ushirika Afya kwa wakulima wa vyama vya ushirika. Na mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Bima haziko sawa. Kabla ya kujiunga ulizeni: je, kusafisha damu kumo?

5. Wajibu wa chama

(a) Katibu amwombe mganga wa zahanati apime shinikizo la damu siku ya mkutano mkuu, na awaeleze wanachama mahali pa kupimwa sukari na mkojo.

(b) Mkutano uamue kama mchango wa bima ukatwe wakati wa mauzo ya mazao, kwa ridhaa ya kila mwanachama.

(c) Mwenye shinikizo la damu au kisukari asiache dawa kwa kuwa anajisikia mzima.

Maswali ya kujadili

1. Ni wanachama wangapi wamepimwa shinikizo la damu mwaka huu?
2. Mwanachama akihitaji safari 156, nani atavuna mpunga wake?
3. Fedha ya mchango wa bima itapatikana msimu gani?