Somo la familia: Shamba la Anathothi

Soma: Yeremia 32:1-15, 24-27, Ezra 2:23

Wengi wetu hapa Nyarugusu tulivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 na miaka iliyofuata. Tuliacha michikichi na mashamba ya mihogo kule Fizi na Uvira. Tukisikia kwamba wengine ndio wanaoyalima sasa, moyo unauma. Na watoto waliozaliwa kambini wanatuuliza: "Kwetu ni wapi?" Tuwajibu nini?

1. Yeremia alinunua wakati mbaya. Ulikuwa mwaka wa 10 wa mfalme Sedekia. Jeshi la Babeli lilikuwa limeuzingira Yerusalemu, na nabii mwenyewe alikuwa kifungoni. Ndipo Hanameli, mwana wa ami yake, akaja kumwuzia shamba la Anathothi. Yeremia akapima shekeli 17 za fedha mbele ya mashahidi. Hati akampa Baruku aitie katika chombo cha udongo, idumu siku nyingi.

2. Yeremia naye aliuliza. Alipokwisha kulipa, aliomba: mji unaangukia mikononi mwa Wakaldayo, sasa shamba la nini? Kuuliza hivyo si kukosa imani. Mungu hakumkemea, bali alimkumbusha kwamba Yeye hashindwi na jambo.

3. Ahadi haikufa. Hatusomi popote kwamba Yeremia alililima shamba lile. Alichukuliwa mpaka Misri. Lakini mfalme Koreshi alipowaruhusu mateka kurudi, mwaka 538 KK, watu wa Anathothi walihesabiwa: 128. Bila shaka wengi wao walizaliwa ugenini. Nani aliwaambia kwao ni wapi, kama si wazazi?

Basi tusiwaahidi watoto tarehe ambayo Mungu hakutupa. Tuwape kile tulicho nacho: majina ya vijiji, mito na mababu, lugha ya nyumbani, na moyo usiolipiza kisasi. Hicho ndicho chombo chetu cha udongo. Na tukipanda mchicha nyuma ya nyumba hapa, si kwamba tumesahau kwetu.

Maswali ya kujadiliana nyumbani:
- Kwa nini Yeremia alitaka mashahidi?
- Ni jambo gani la kwetu ambalo watoto wetu bado hawajalisikia?
- Tumwombee nani anayelima shamba letu leo?

Tuombe: Bwana, tunza tulichoweka mikononi mwako, hata kama watakaokiona ni wajukuu. Amina.