Somo la Vikundi: Injini ya Gari na Kazi Isiyoonekana

Katika somo hili tutafungua boneti ya gari na kutazama ndani. Vikundi vingi vina pikapu, mashine ya kusaga posho au pampu ya kunyunyizia shamba, na nyingi kati ya hizo zinaendeshwa na injini za jamii moja.

Lengo la somo: Tukimaliza, kila mwanachama, hata yule ambaye hajawahi kushika usukani, aweze kueleza injini inavyopata nguvu, aweze kupima oili na maji, na aweze kusema ni kwa nini kazi hiyo si ya dereva peke yake.

1. Yaliyotupata

Tuanze na kisa, na kisa chenyewe kinatugusa hata sisi wa ofisi ya maendeleo. Kikundi kimoja katika vilima vya Machakos kiliweka akiba miaka sita, kikanunua pikapu kuukuu ya petroli. Katika kikundi kile hapakuwa na mvivu. Akina mama walichuma maembe tangu alfajiri, wazee walipanga makreti, na kijana wa kuendesha alikuwa barabarani kabla jua halijachomoza. Sisi tulikuwa tumewafundisha kuandika katiba, kuweka hesabu na kuendesha mkutano. Tukaona tumemaliza.

Msimu wa pili wa maembe, pikapu ikipanda mlima na mzigo wake, injini ilianza kugonga kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo. Halafu ikakwama, kimya. Fundi alipofika alichomoa kile kijiti cha kupimia oili. Kilitoka kikavu.

"Kijana, oili uliangalia lini?" fundi akauliza.

"Mimi naendesha tu, fundi. Hayo maneno ya oili nilidhani ni ya mzee wa hazina."

Mzee wa hazina naye akasema, "Mimi nalipa risiti zikiletwa. Ya oili hakuna mtu aliniletea."

Mama mwenyekiti akashika kichwa. "Sisi tulifikiri gari ni kama ng'ombe. Likiugua litaonyesha."

Kumbe lilikuwa limeonyesha! Taa ndogo nyekundu ya oili ilikuwa ikiwaka na kuzima kwenye kona kwa siku mbili nzima. Kijana alifikiri ni waya umelegea.

Maembe yaliyokuwa yameiva yaliuzwa pale pale kando ya barabara kwa bei ya kutupa. Gharama ya injini ilimeza akiba yote, pamoja na pesa ambazo wazazi wengi walikuwa wanazitegemea kwa karo ya Januari. Wanachama watatu walitoka kikundini kwa hasira.

Fundi alikubali kupunguza bei ya kazi kwa sharti moja: watu watatu waje gereji waoshe vyuma na wajifunze. Akaenda mama mwenyekiti, kijana wa kuendesha, na mmoja wetu wa ofisi. Kwa siku nne tulikaa na mikono ndani ya mafuta ya taa. Somo hili limetoka huko.

2. Nguvu inatoka wapi?

Leteni pampu ya baiskeli mkutanoni. Mwanachama mmoja azibe tundu la mbele kwa kidole gumba, mwingine asukume kwa nguvu mara kadhaa. Mtaona mambo mawili. Kwanza, hewa iliyobanwa inarudisha mkono nyuma. Pili, pampu inapata joto. Shikeni hayo mawili, maana injini imejengwa juu yake.

Ndani ya injini kuna mashimo ya duara yaliyochongwa kwenye chuma. Hayo ni silinda. Katika kila silinda kuna kipande cha chuma kinachopanda na kushuka kama kile kilicho ndani ya pampu ya baiskeli. Hicho ni pistoni. Pistoni imeunganishwa kwa mkono wa chuma na mhimili uliopinda unaoitwa krenki. Tazameni pedali za baiskeli: mguu unashuka na kupanda, lakini gurudumu linazunguka. Krenki inafanya vivyo hivyo.

Sasa, kila pistoni hufanya miendo minne, mmoja baada ya mwingine:

*Kuvuta.* Pistoni inashuka, mlango mdogo unaoitwa valvu unafunguka, na hewa pamoja na petroli kidogo inaingia.

*Kubana.* Milango yote imefungwa. Pistoni inapanda na kuubana ule mchanganyiko hadi uwe mahali padogo sana.

*Kuwaka.* Plagi inatoa cheche. Mchanganyiko unawaka, joto linaipanua ile hewa ghafla, na pistoni inasukumwa chini kwa nguvu. Hapa ndipo gari linapopata mwendo.

*Kutoa.* Valvu ya pili inafunguka, pistoni inapanda tena na kusukuma moshi nje kupitia egzosi.

Kisha inaanza upya. Krenki ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila silinda inawaka mara 1,500 katika dakika hiyo, yaani mara 25 kwa sekunde moja. Hakuna mapumziko.

Injini ya dizeli nayo ina miendo hiyo minne, ila haina plagi ya cheche. Inavuta hewa tupu, inaibana sana kuliko ile ya petroli, hata hewa inakuwa moto kiasi kwamba dizeli ikinyunyizwa ndani inawaka yenyewe. Kumbukeni joto la pampu ya baiskeli.

3. Mmoja kati ya minne

Hapa fundi alituuliza swali ambalo hatujalisahau: "Katika hiyo miendo minne, ni mingapi inasukuma gari?"

Ni mmoja tu, wa kuwaka. Mitatu mingine haisukumi chochote. Tena inatumia nguvu badala ya kuitoa. Mtu asiyejua angesema, "Hiyo mitatu tuiondoe, tubaki na huu wenye faida." Lakini bila kuvuta hakuna cha kubana, bila kubana moto ni dhaifu, na bila kutoa moshi hakuna nafasi ya kuvuta tena.

Basi ni nani anayeizungusha krenki wakati wa ile mitatu? Kuna gurudumu zito mwishoni mwa krenki. Linapokea nguvu ya mwendo wa kuwaka, linaiweka, kisha linaitoa pole pole. Ni kama akiba. Tena pikapu nyingi zina silinda nne zinazopokezana zamu: moja ikisukuma, nyingine inavuta, nyingine inabana, nyingine inatoa moshi.

Mama mwenyekiti alisikiliza, akaweka chini kile chuma alichokuwa anaosha, akasema, "Kwa hivyo sisi tulikuwa tunafanya ule mwendo mmoja tu. Kubeba maembe."

Hapo tukaelewa. Kikundi kile hakikukosa bidii. Kilikosa kuhesabu kuwa ni bidii ile kazi isiyoleta shilingi siku hiyo. Mwenye kubeba kreti alisifiwa. Mwenye kuinama chini ya boneti saa kumi na moja asubuhi hangeonwa na mtu, na kwa hivyo hapakuwa na mtu. Sisi nasi tulifanya kosa hilo hilo: tuliwafundisha kuandika pesa zilizoingia, hatukuwafundisha kulinda kile kilichozileta.

4. Oili na maji ni vya nini?

Mafuta yanayowaka ndani ya injini ya petroli hayageuki yote kuwa mwendo. Kwa kadiri, theluthi moja au chini yake ndiyo inayosukuma gari. Joto lingine linatoka na moshi, na lingine linabaki kwenye vyuma. Maji yanazunguka kwenye injini, yanabeba joto hilo hadi kwenye redieta, na upepo unaliondoa.

Oili inakaa chini ya injini katika beseni la chuma. Pampu ndogo inaisukuma juu ili ipite katikati ya chuma na chuma. Utando wake ni mwembamba kuliko unywele, lakini ndio unaozuia vyuma kusagana. Oili ikipungua sana, pampu inavuta hewa, hasa gari likiwa kwenye kona au mlima. Ndiyo maana ile taa ilikuwa inawaka na kuzima. Taa ya oili ikiwaka safarini, simama mahali salama na uzime injini mara moja. Usiseme "nifike sokoni kwanza."

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Oili ya kuongeza ingegharimu pesa ndogo. Ukuta tuliojenga ulikuwa akiba ya miaka sita.

5. Mama aliyeendesha gari la kwanza

Msifikiri mambo haya ni ya wanaume wenye ovaroli. Injini ya miendo minne ilifanikishwa na Nikolaus Otto huko Ujerumani mwaka 1876. Mwaka 1886 Mjerumani mwingine, Karl Benz, akapata haki ya uvumbuzi wa gari lake la magurudumu matatu. Lakini watu waliliogopa, na wanunuzi hawakuonekana.

Mwezi wa Agosti 1888 mke wake, Bertha Benz, alilichukua gari hilo pamoja na wanawe wawili, akaenda kutoka Mannheim hadi Pforzheim, kama kilomita 100. Hapakuwa na kituo cha petroli. Alinunua mafuta kwenye duka la dawa. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Breki zilipolika, aliweka ngozi. Maji alikuwa akiongeza njiani kila mara, na kwenye milima walishuka wakasukuma. Kuanzia hapo watu wakaamini gari linaweza kusafiri, na Benz akaongeza gia ya kupandia milima.

Injini ya dizeli nayo haikuja kwa siku moja. Rudolf Diesel alianza majaribio mwaka 1893 mjini Augsburg, na injini ya kuridhisha haikupatikana hadi mwaka 1897.

6. Kazi za kila siku na kila wiki

Hizi hazihitaji fundi. Zinahitaji kitambaa, tochi na mtu aliye tayari.

*Oili:* Gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwa baridi, chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe, kichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Usizidishe. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili. Usiwashe gari, ita fundi.

*Maji:* Angalia asubuhi. Usifungue kamwe kifuniko cha redieta injini ikiwa moto. Mvuke utakuunguza uso.

*Mkanda wa feni:* Tazama kama umepasuka au umelegea.

*Filta ya hewa:* Barabara zetu ni za vumbi. Filta ikiziba, injini inakosa pumzi na inakula petroli. Ikaguliwe kila wiki wakati wa kiangazi.

*Moshi:* Moshi wa buluu, oili inaungua. Moshi mweusi, mafuta ni mengi au hewa haitoshi. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, huenda maji yanaingia kwenye silinda.

*Kubadilisha oili:* Fuateni kitabu cha gari. Kwa pikapu kuukuu, mafundi wengi hutaja kilomita 5,000, na mapema zaidi kwenye vumbi na mizigo mizito. Oili chafu msiimwage mtoni wala shambani.

Kila anayekagua aandike tarehe, alichokiona na jina lake kwenye daftari la gari. Daftari hilo lisomwe mkutanoni pamoja na la hesabu.

7. Maswali ya kujadiliana

1. Katika kisa hiki, ni nani aliyekosea? Je, ni mmoja?

2. Katika kikundi chetu, ni kazi zipi zinazosifiwa, na zipi hazionekani? Ni nani huzifanya?

3. Kama mashine yetu ingekwama kesho, tungepoteza nini nyumbani kwetu?

4. Ni "taa nyekundu" gani tumeiona kikundini na kusema ni waya tu?

Kazi kabla ya mkutano ujao: Chagueni watu wawili kwa kila wiki, mama mmoja na baba au kijana mmoja, wakague mashine ya kikundi na kuandika daftari. Kama hamna mashine, fanyeni hivyo kwa tangi la maji au ghala.

Kile kikundi cha Machakos kilianza tena kuweka akiba kutoka sufuri. Pikapu inabeba maembe, na kijana ni yule yule, hakufukuzwa. Daftari limefungwa kwa kamba kando ya usukani. Wale watatu waliotoka kwa hasira, wawili wamerudi. Wa tatu bado hajarudi, na hatumlaumu.

Mchumia juani hulia kivulini, walisema wazee. Nasi tunaongeza kwamba kuinama chini ya boneti kabla jua halijachomoza nako ni kuchuma.